Kompaila ikiifanya programu yako iwe nzito: mwongozo kamili wa kuthibitisha, kusaka chanzo na kuripoti

Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandika kuwa maagizo ya prosesa, ikikosea hesabu, mapema au baadaye utajua, kwa sababu jibu litakuwa baya au programu itaanguka. Ikizalisha msimbo mzito, hakuna atakayekwambia. Majibu ni yale yale, majaribio yote yanapita, ila kazi iliyokuwa ikimalizika kabla ya saa nne asubuhi sasa inafika adhuhuri. Wengi hununua mashine kubwa zaidi, mambo yakaishia hapo. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu naamini kasoro ya kasi ni kasoro kamili, na mtu mmoja mwenye laptopu ya kawaida hapa Dodoma anaweza kuifuata mpaka kwenye mzizi wake.

Unachohitaji ni Linux, kompaila ya GCC au Clang, na moyo wa kusoma asembli kidogo, yaani maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno. Nitatumia Ubuntu kwenye mifano. Kumbuka kwamba Ubuntu 22.04 inakuja na GCC 11, na 24.04 inakuja na GCC 13. Ukipandisha mfumo umebadilisha kompaila pia, hata kama hukukusudia.

Mfano tutakaoutumia

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mkulima wa uwele au mtama wa Chamwino na Bahi anataka kujua siku ngapi zilinyesha kuliko anavyotaka wastani wa mwaka. Takwimu za CHIRPS zina makadirio ya mvua ya kila siku tangu 1981, kwa miraba ya digrii 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu kila upande. Tuseme kila siku yenye mvua tumeiandika kwa biti 1 na siku kavu kwa biti 0. Mwaka mzima unaingia kwenye maneno sita ya biti 64. Kiini cha programu ni hiki, na `__builtin_popcountll` ndiyo inayohesabu biti 1 zilizomo kwenye kila neno:

```
uint64_t siku_za_mvua(const uint64_t *m, size_t n)
{
    uint64_t jumla = 0;
    for (size_t i = 0; i < n; i++)
        jumla += __builtin_popcountll(m[i]);
    return jumla;
}
```

Mistari hii michache inatosha kutuonyesha karibu kila mtego.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli imepungua kasi

Usiamini saa ya ukutani, wala kipimo kimoja. Oktoba na Novemba joto la Dodoma linatosha kuifanya laptopu ishushe kasi ya prosesa yenyewe ili isiungue, na ukipima asubuhi kwa kompaila ya zamani kisha mchana kwa mpya, umepima hali ya hewa. Umeme ukikatika ukabaki kwenye betri, ndiyo kabisa: mashine nyingi hujipunguza bila kukuuliza. Mizani inayocheza haikwambii uzito wa gunia, hata ukiwa katikati ya soko la mahindi la Kibaigwa.

Kwa hiyo chomeka chaja, funga kivinjari, weka prosesa kwenye hali ya kasi ya juu, na ibane programu kwenye kiini kimoja cha prosesa:

```
sudo cpupower frequency-set -g performance
taskset -c 2 ./mvua data.bin
```

Rudia mara nyingi, na upime matoleo mawili kwa kupokezana: la zamani, jipya, la zamani, jipya. Ukipima la zamani lote kwanza, joto litaliumiza jipya. Zana ya `hyperfine` inarahisisha kurudia na inakupa mtawanyiko wa vipimo. Angalia kipimo cha kati na kile kidogo kuliko vyote. Tofauti ikiwa ndogo kuliko mtawanyiko wenyewe, acha hapo hapo.

Hatua ya pili: waondoe watuhumiwa wa kawaida

Mara nyingi sana kompaila haina hatia. Kabla ya kuituhumu, pitia haya.

Je, uboreshaji umewashwa? CMake bila `CMAKE_BUILD_TYPE` haiongezi `-O2` wala `-O3` yenyewe. Mtu akifuta folda ya ujenzi na kuanza upya, akasahau kuandika `Release`, programu inajengwa bila uboreshaji wowote. Hili peke yake linaeleza malalamiko mengi.

Je, machaguo mengine yamepotea? Kwenye mfano wetu jambo hili linauma. Agizo la `popcnt`, linalohesabu biti kwa mara moja, halimo kwenye msingi wa kwanza wa x86-64, yaani seti ya maagizo ya prosesa za Intel na AMD. Usipoandika `-mpopcnt` au `-march=native`, GCC ya kawaida ya Ubuntu haina ruhusa ya kulitumia, kwa hiyo inaita fanksheni ya msaada iitwayo `__popcountdi2` kwa kila neno. Kompaila imefanya ilichoambiwa. Ukiwa na programu iliyokwisha kujengwa na hujui ilijengwaje, anza na hii:

```
readelf -p .comment ./mvua
```

Itakutajia toleo la kompaila. Na kuanzia leo ongeza `-frecord-gcc-switches` unapojenga, ili machaguo yenyewe yabaki ndani ya faili, yasomeke kwa `readelf -p .GCC.command.line`.

Je, unalalamikia kitu ambacho kompaila imekatazwa kukifanya? Kujumlisha milimita za mvua kwa namba za desimali kwenye lupu (mistari ya msimbo inayorudiwa) ndiyo mfano maarufu. Ungependa hesabu nne au nane zifanyike kwa mkupuo, lakini kubadilisha mpangilio wa kujumlisha desimali kunabadilisha jibu kwenye tarakimu za mwisho, na kompaila hairuhusiwi kufanya hivyo bila idhini yako kupitia `-fassociative-math` au `-ffast-math`. Vivyo hivyo fanksheni inayopokea pointa mbili (anwani za kumbukumbu): kompaila isipojua kwamba hazigusi eneo moja la kumbukumbu, lazima iwe na tahadhari. Neno `restrict`, lililokuja na C99, ndilo la kuiondolea wasiwasi huo.

Mwisho, tenganisha kompaila na mfumo. Chukua programu iliyojengwa zamani, iendeshe kwenye mfumo mpya. Ikiwa nayo imekuwa nzito, kilichobadilika ni keneli (kiini cha mfumo wa Linux), maktaba za mfumo, au diski, na usiendelee na mwongozo huu. Ikiwa ya zamani bado inakimbia na mpya inajikokota juu ya mashine ile ile kwa data ile ile, sasa una kesi.

Hatua ya tatu: iulize prosesa yenyewe

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Usiishie kwenye sekunde. Endesha matoleo yote mawili kwa `perf`, zana ya Linux inayosoma vihesabio vya prosesa:

```
perf stat -r 10 -e cycles,instructions,branches,branch-misses ./mvua data.bin
```

Linganisha maagizo na mizunguko ya prosesa, yaani mapigo ya saa yake. Maagizo yakiongezeka sana, kompaila imeandika msimbo mrefu zaidi: imeacha kufanya kazi kwa mkupuo, imeacha kupachika fanksheni ndogo mahali inapoitwa, au inatoa vitu kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) na kuvirudisha kwenye kumbukumbu bila sababu. Hiyo ni rahisi kuifuatilia kwa sababu inaonekana kwa macho.

Maagizo yakibaki yale yale na mizunguko ikapanda, kaa vizuri. Idadi ya kazi haijabadilika, ila prosesa inasubiri kitu. Kwanza tazama kama prosesa inakisia vibaya msimbo utaelekea tawi lipi, yaani `branch-misses` imepanda. Kisha tazama kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Vyote vikiwa shwari, huenda unaangalia utegemezi wa uongo.

Kisa cha `popcnt` ni cha aina hii, na kila anayeandika programu za kasi anapaswa kukijua. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Sandy Bridge, Ivy Bridge na Haswell, agizo hili huandika jibu kwenye rejista bila kujali ilikuwa na nini, lakini kifaa chenyewe husubiri thamani ya zamani ya rejista hiyo kana kwamba kinaihitaji. Kompaila za wakati ule hazikulijua hilo. Zilitumia rejista ile ile kila mara:

```
popcnt (%rdi),%rax
add    %rax,%rdx
popcnt 8(%rdi),%rax
add    %rax,%rdx
```

`popcnt` ya pili haina uhusiano wowote na ya kwanza, ila inaisubiri. Jibu la agizo hili huchukua mizunguko mitatu, wakati prosesa ina uwezo wa kuanzisha jipya kila mzunguko. Kazi ambayo ingekwenda sambamba imegeuka foleni. Mwaka 2014 watu waligundua kwamba kubadili tu aina ya kihesabio cha lupu kutoka biti 32 kwenda 64 kulishusha kasi kufika karibu nusu, kwa sababu mgawanyo wa rejista ulibadilika kwa bahati tu. Dawa iliyoingizwa kwenye GCC inashangaza kwa udogo wake: kuisafisha rejista kwa `xor %eax,%eax` kabla ya kila `popcnt`. Agizo moja zaidi, na programu inaenda kasi zaidi. Ndiyo maana kuhesabu maagizo peke yake hakutoshi.

Ukitumia seva ya kukodi kwenye wingu, mara nyingi vihesabio vya prosesa vimefungwa. Pima kwenye laptopu, au tumia `valgrind --tool=cachegrind`, ambayo ni ya taratibu lakini inakupa idadi ya maagizo isiyoyumba.

Hatua ya nne: soma asembli ya sehemu yenye moto tu

```
perf record ./mvua data.bin
perf annotate
```

`perf annotate` itakuonyesha maagizo yanayokula muda. Usijaribu kuelewa faili zima. Tafuta lupu ya ndani, nakili maagizo yake kutoka toleo la zamani na jipya, uyaweke kando kwa kando. Jiulize maswali machache: rejista pana za `xmm` na `ymm` zipo upande mmoja tu? Kuna `call` (agizo la kuita fanksheni) iliyotokea ambayo haikuwepo? Kuna usomaji na uandishi kwenye `(%rsp)`, yaani kwenye kumbukumbu badala ya rejista, katikati ya lupu? Kuna `cmov` (agizo la kuchagua thamani bila kuruka) iliyochukua nafasi ya tawi, au kinyume chake?

Maagizo ya lupu yakiwa sawasawa kabisa pande zote, shuku mahali msimbo ulipoangukia kwenye kumbukumbu. Jenga matoleo yote mawili kwa `-falign-functions=64 -falign-loops=32`. Tofauti ikitoweka, ulichokiona ni bahati ya upangaji, na ripoti yako kwa watengenezaji wa kompaila haitafika mbali. Intel wenyewe walitangaza mwaka 2019 kasoro kwenye prosesa za ukoo wa Skylake inayohusu maagizo ya kuruka yanayokatiza mpaka wa baiti 32. Marekebisho yaliyopakiwa ndani ya prosesa yalizifanya baadhi ya lupu ziwe nzito bila mtu kugusa msimbo. Kwa hiyo andika aina ya prosesa, uliyoipata kwa `lscpu`, kwenye kila kipimo unachohifadhi.

Hatua ya tano: tafuta toleo lilipoanzia

Unajua kwamba GCC 11 ni nzuri na 13 ni mbaya. Je, 12? Kwenye Ubuntu 24.04 unaweza kuziweka pamoja:

```
sudo apt install gcc-11 gcc-12 gcc-13
```

Kama bando ni dogo, usishushe makontena (vifurushi kamili) ya kompaila, maana kila moja ni mamia ya megabaiti. Tumia Compiler Explorer kwenye godbolt.org: unabandika fanksheni yako, unachagua toleo lolote la kompaila, asembli inarudi kama maandishi mepesi tu. Kwa wanafunzi wa CIVE, kitivo cha TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma, sijui zana bora kuliko hii ya kujifunzia, na hata simu inatosha.

Toleo la 12, lililotoka 2022, ni la kuangalia kwa makini kwa upande wa GCC: ndilo lililoanza kuwasha ufanyaji kazi kwa mkupuo kwenye `-O2`, wakati zamani ulihitaji `-O3`. Programu nyingi zilipata kasi. Lupu fupi zenye marudio machache tu zinaweza kupoteza, kwa sababu maandalizi yanakuwa makubwa kuliko kazi.

Jaribu pia kompaila ya upande wa pili, Clang kama unatumia GCC na kinyume chake. Waliotengeneza Python 3.14 wanatuonyesha kwa nini. Mwanzoni mwa 2025 intapreta mpya ya Python (programu inayoendesha msimbo wa Python) ilitangazwa kuwa na kasi zaidi kwa asilimia 9 hadi 15. Baadaye ikagundulika kwamba Clang 19, iliyotumika kupimia, ilikuwa na kasoro iliyoifanya intapreta ya zamani iwe nzito. Kompaila ilikuwa imewekewa kikomo kwenye kazi ya kunakili matawi ili muda wa ujenzi usilipuke, na kikomo hicho kikaunganisha mamia ya miruko iliyotawanywa kwa makusudi ikawa mruko mmoja. Takwimu ikashushwa hadi asilimia 3 hadi 5, na Clang 20 ikarekebisha. Hawa ni wataalamu wenye mashine za kupimia kila siku, na bado kompaila iliwachezea kipimo cha msingi. Kipimo cha kompaila moja, toleo moja, ni ushahidi mwembamba.

Hatua ya sita: tafuta uboreshaji gani unahusika

Kwa GCC, linganisha kilichowashwa:

```
gcc-11 -Q -O2 --help=optimizers > a.txt
gcc-13 -Q -O2 --help=optimizers > b.txt
diff a.txt b.txt
```

Kisha zima kimoja kimoja, kwa mfano `-fno-tree-vectorize`. `-fopt-info-vec-missed` inakwambia kwa maneno kwa nini lupu fulani haikufanywa kwa mkupuo; kwa Clang ni `-Rpass-missed=loop-vectorize`. Clang ina zana moja nzuri zaidi, `-mllvm -opt-bisect-limit=N`, inayosimamisha uboreshaji baada ya hatua ya N. Unagawa katikati, na katikati tena, mpaka unabaki na hatua moja.

Usikimbilie hukumu. Kuzima hatua fulani kukirudisha kasi, inawezekana hatua hiyo ndiyo mbaya, na inawezekana pia umesogeza msimbo tu. Rudi kwenye asembli uone kama maelezo yako yanaingia akilini.

Hatua ya saba: punguza mpaka ibaki mifupa

Hakuna mtengenezaji wa kompaila atakayesoma mfumo wako wote, na data za mwajiri wako hazipaswi kutoka nje. Andika faili moja inayojitegemea, yenye fanksheni moja na `main` inayotengeneza data yake yenyewe. Ikiwa msimbo ni mrefu, `cvise` au `creduce` zitaupunguza zenyewe, mradi uzipe hati (skripti) inayojibu ndiyo au hapana. Hati hiyo isitegemee sekunde, kwa sababu vipimo vitayumba na zana itapunguza ovyo. Itegemee kitu imara: agizo fulani kuwepo au kutokuwepo kwenye asembli, au idadi ya maagizo kupita kiwango. Na jaribu kilichobaki kwa `-fsanitize=undefined`, maana zana hizi hupenda kuzalisha msimbo usio halali, ambao kompaila ina uhuru wa kuufanya chochote.

Hatua ya nane: ripoti

GCC wanapokea kwenye Bugzilla yao, LLVM kwenye GitHub. Tafuta kwanza kama imesharipotiwa; kwa GCC neno la kutafutia ni `missed-optimization`. Jaribu toleo jipya kabisa lililopo, Compiler Explorer inalo. Ripoti nzuri ni fupi: matokeo ya `gcc -v`, mstari kamili wa ujenzi, aina ya prosesa, faili lako dogo lililopitishwa kwenye `-E` (chaguo linaloingiza faili zote za `#include` ndani yake), vipimo vya toleo zuri na baya, na vipande viwili vya asembli ya lupu. Ukijua toleo la mwisho lililokuwa zuri, liseme kwenye kichwa cha ripoti, kwa sababu kasoro zilizorudisha mambo nyuma huangaliwa kwa jicho tofauti na maombi ya kuboresha. Kiingereza chako kisikuzuie. Asembli na namba zinaeleweka kokote, na ripoti nyingi nzuri zina sentensi chache tu.

Wakati unasubiri

Marekebisho yanaweza kuchukua miezi, na yakitoka, mpaka yafike kwenye Ubuntu ya ofisini ni muda mwingine. Zima uboreshaji unaosumbua kwa lupu ile tu, usizime programu nzima: Clang ina `#pragma clang loop vectorize(disable)`, na GCC kuanzia toleo la 14 ina `#pragma GCC novector`. Kwa GCC ya zamani, hamishia fanksheni kwenye faili lake na ulipe machaguo yake. Sipendekezi `__attribute__((optimize(...)))`, maelezo rasmi ya GCC yenyewe yanasema ni ya kutafutia hitilafu, si ya programu za kazini.

Lifungie suluhisho la muda kwenye toleo lenye kasoro, na uandike namba ya ripoti pembeni:

```
#if defined(__clang__) && __clang_major__ == 19
```

Bila mstari kama huu, suluhisho la leo litakaa kwenye msimbo miaka mingi baada ya kasoro kuondoka, likiipunguza kasi programu kwa niaba ya kompaila isiyotumika tena. Halafu iingize idadi ya maagizo ya cachegrind kwenye majaribio yako ya kila siku, pamoja na kiwango cha juu unachokikubali, ili siku mtu atakapopandisha mfumo, jaribio ligome kabla msimu wa mvua haujaanza na watu hawajaanza kudai ramani.